Anne Boleyn katika riwaya na katika wasifu: uanze na kitabu kipi?

Anne Boleyn alivikwa taji la Uingereza tarehe 1 Juni 1533, akakatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536. Hata miaka mitatu haikutimia. Vitabu vinavyomhusu, hata hivyo, havihesabiki, na vingi vinagombana. Katika kimoja utamkuta mwanamke mkali aliyempora dada yake mwanamume. Katika kingine ni Mkristo wa mageuzi, msomaji wa Biblia ya Kifaransa, mlezi wa wanafunzi maskini. Katika cha tatu ni malkia aliyeponzwa na siasa za ikulu. Mwenye nafasi ya kusoma kitabu kimoja au viwili tu anabaki njia panda, na ulinganisho huu ni kwa ajili yake.

Habari hii haiko mbali sana na sisi. Anayesali Mkunazini kule Unguja, Namirembe kule Kampala, au katika mtaa wowote wa Kanisa Anglikana, yumo katika kanisa ambalo kutengana kwake na Roma kulianzia kwenye ndoa hii. Papa Klementi wa Saba alikataa kuibatilisha ndoa ya Henry wa Nane na Catherine wa Aragon. Henry akamwoa Anne, na sheria ya mwaka 1534 ikamtangaza mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Msomaji wa kwetu huuliza mapema: kwa nini asiongeze mke wa pili, yakaisha? Wazo hilo lilipita hata Roma. Mnamo Septemba 1530 mjumbe wa Henry aliandika kwamba Papa alimgusia kwa siri uwezekano wa mfalme kuruhusiwa wake wawili. Halikufika popote, kwa kuwa Henry alitaka mrithi wa kiume ambaye hakuna mtu angeweza kumtilia shaka.

Vitabu vyenyewe

Upande wa riwaya nimechukua *The Other Boleyn Girl* ya Philippa Gregory (2001). Riwaya mbili za Hilary Mantel zinazosomwa kwa kufuatana, *Wolf Hall* (2009) na *Bring Up the Bodies* (2012). Na *Anne Boleyn: A King's Obsession* ya Alison Weir (2017). Upande wa wasifu ni *The Life and Death of Anne Boleyn* cha Eric Ives (2004, baada ya toleo la kwanza la 1986 kuandikwa upya), *Anne Boleyn: Fatal Attractions* cha G. W. Bernard (2010), na *Hunting the Falcon* cha John Guy na Julia Fox (2023), mume na mke ambao wote wawili ni wanahistoria. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu Kiingereza cha kimoja si Kiingereza cha kingine.

Pengo linalojazwa

Kabla ya kupima chochote, msomaji ajue kinachokosekana. Barua 17 za mapenzi ambazo Henry alimwandikia Anne zipo hadi leo katika maktaba ya Vatikani. Majibu ya Anne hayapo. Ipo barua ya utotoni aliyomwandikia baba yake kwa Kifaransa cha kubabaisha, na nyingine chache za shughuli alipokuwa malkia. Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani: wako wanaosema 1501, wako wanaosema 1507. Maana yake alikufa ama akiwa na miaka kama 35, ama hajatimiza 30, na hao ni wanawake wawili tofauti kabisa mbele ya mfalme anayesubiri mtoto wa kiume.

Mengi tunayoyajua kuhusu maisha yake ya ikulu tumeyapata kwa Eustace Chapuys, balozi wa Kaisari Charles wa Tano. Charles alikuwa mtoto wa dada yake Catherine, na Chapuys alimtetea Catherine kwa moyo wake wote. Katika barua zake humwita Anne kimada. Mwamba ngoma huvutia kwake. Hata maneno ya Anne ya siku za mwisho yametufikia kwa kalamu ya mtu mwingine: William Kingston, mkuu wa Mnara wa London, aliyemripotia Thomas Cromwell, waziri wa Henry, kila alichosema mfungwa wake. Ni Kingston aliyeandika kwamba Anne aliizungushia mikono shingo yake, akasema ni nyembamba, akacheka sana.

Kwa hiyo kila anayeandika juu ya Anne analijaza pengo. Wa riwaya huingia ndani ya kichwa cha mtu na kuliziba. Wa wasifu anatakiwa akuonyeshe mpaka wa pengo lenyewe, kisha aseme yeye anadhani kulikuwa na nini. Nimevipima vitabu hivi kwa mambo manne: tunatazama kwa jicho la nani, mwandishi anautendeaje ushahidi, anatoa jibu gani kuhusu Mei 1536, maana ndiyo kiini cha kila kitabu juu ya mwanamke huyu, na usomaji wenyewe una uzito gani.

Jicho la nani

Gregory amemkabidhi masimulizi Mary, dada yake Anne, naye anasimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Uamuzi huo ndio nguvu ya riwaya nzima. Mary alikuwa hawara wa Henry kabla ya Anne, kwa hiyo anakitazama kitanda cha mfalme kama mtu aliyekwisha kutoka humo. Anamwona dada yake akipanda, anamwonea wivu, anamhurumia, anamwogopa. Anayependa hadithi za familia, zile za ndugu kuzungukana na mjomba kuwatumia mabinti wa ukoo kutafuta cheo, atasoma hadi usiku wa manane. Gharama yake ni kwamba Anne tunamwona kwa nje, na mara nyingi kwa jicho lenye kinyongo.

Mantel naye anamtazama Anne kwa nje, ila jicho ni la Cromwell, mtoto wa mhunzi wa Putney aliyepanda hadi kuwa mtu wa kwanza katika serikali ya Henry. Kwa Cromwell, Anne ni mwenzake katika kazi ngumu ya kuvunja ndoa ya Catherine, baadaye ni mzigo, mwishoni ni kesi. Hatuingii moyoni mwake hata mara moja. Naona heshima kubwa katika uamuzi huo: Mantel amekataa kujifanya anajua alichokuwa akiwaza. Lakini anayetafuta ukaribu na Anne hataupata hapa.

Ukaribu uko kwa Weir. Riwaya yake inamfuata Anne mwenyewe tangu utotoni, inampeleka Mechelen, katika Ubelgiji ya leo, kwenye ikulu ya Margaret wa Austria, halafu Ufaransa kwa Malkia Claude, kabla ya kumrudisha Uingereza. Miaka hiyo ya ughaibuni riwaya nyingi huiruka, ilhali ndiyo iliyomfanya Anne awe alivyokuwa: lugha, mavazi, muziki, namna ya kuzungumza na wanaume wakubwa bila kutetemeka.

Katika wasifu, Ives anamtazama Anne kama mwanasiasa na mlezi wa sanaa na dini, mtu mwenye uzito wake hata ungemwondoa Henry pembeni. Bernard anasimama mbele ya masimulizi yote yaliyozoeleka na kuhoji moja baada ya jingine. Guy na Fox wanaiangalia ndoa: watu wawili, na Ulaya nzima ikiwazunguka.

Ushahidi

Kuna kipimo chepesi ambacho unaweza kukitumia kwa kitabu chochote kuhusu Anne, hata ambacho hakimo humu. Tafuta habari ya kidole cha sita. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1585 katika kitabu cha Nicholas Sander, Mkatoliki aliyeishi uhamishoni, ambaye mwaka 1536 alikuwa mtoto mdogo. Mwandishi wa historia akikuletea kidole hicho kama jambo lililothibitishwa, funga kitabu. Akikueleza kimetoka wapi na kwa nini kilisemwa, endelea naye.

Mifupa ya riwaya ya Gregory ni ya kweli zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mumewe Mary, William Carey, kweli alikufa mwaka 1528 kwa ugonjwa wa jasho uliokuwa ukiua watu kwa saa chache. Anne kweli alipewa ulezi wa mtoto wa Mary. Mary kweli aliolewa kwa siri na William Stafford, mtu wa hali ya chini, akafukuzwa ikulu mwaka 1534. Tatizo liko kwenye nyama iliyoizunguka mifupa hiyo. Gregory anamfanya Mary kuwa mdogo wa Anne, ilhali wanahistoria walio wengi wanamwona kuwa dada mkubwa. Watoto wa Mary anawapa baba mmoja bila shaka yoyote, mfalme, ingawa suala hilo bado linabishaniwa. Na Jane, mke wa kaka yao George, anafanywa shetani. Julia Fox aliandika kitabu kizima juu ya Jane mwaka 2007 kuonyesha jinsi sifa hiyo mbaya ilivyojengwa, na ukishakisoma huwezi kumtazama Jane wa Gregory bila kusikitika.

Mantel alisoma nyaraka kwa kina, na Cromwell aliacha nyaraka nyingi. Alipobuni, alibuni katika nafasi ambayo nyaraka zimenyamaza. Mfano mzuri ni mchezo wa kumkejeli Kadinali Wolsey, waziri wa zamani wa Henry na bwana wa zamani wa Cromwell, baada ya kifo chake, akionyeshwa anaburutwa kwenda motoni. Kwamba mchezo wa aina hiyo ulichezwa mwaka 1531 ni habari ya kihistoria. Kwamba walioigiza mashetani ni George Boleyn, Henry Norris, Francis Weston na William Brereton, hilo ni la Mantel. Na juu ya jiwe hilo moja la kubuni amejenga jumba zima, kama tutakavyoona.

Weir ana nafasi ya pekee hapa kwa sababu ameandika pia historia juu ya jambo hilohilo, *The Lady in the Tower* (2009), inayoshughulika na miezi michache ya mwisho ya Anne. Ukivisoma viwili hivyo kwa pamoja unaona kwa macho yako mwandishi mmoja akihama kutoka ushahidi kwenda ubunifu. Mapenzi ya kimyakimya ambayo Anne wa riwaya anayo kwa Norris, kwa mfano, huwezi kuyajenga kwa nyaraka.

Ives ndiye anayekupa vitu vya kushika. Anapitia michoro na picha, nembo, vitabu vya sala, vito, na medali ya mwaka 1534 ambayo ni sura pekee ya Anne iliyobaki tangu uhai wake bila shaka yoyote, nayo imeharibika pua. Anaonyesha jinsi barua ile ya utotoni inavyoweza kutumika kukadiria umri wake, na kutoka hapo anatetea mwaka 1501. Humsikii akisema "pengine" bila kukwambia kwa nini ni pengine. Udhaifu wake ni mapenzi: Ives anampenda mtu wake, na panapokuwa na njia mbili za kusoma ushahidi, mara nyingi huchukua ile inayompa Anne hadhi.

Hapo ndipo Bernard anapokuwa dawa. Je, Anne alimkatalia Henry kitanda kwa miaka yote ile, kama tulivyozoea kusoma? Bernard anasema huenda ni Henry aliyejizuia, kwa sababu alihitaji mtoto halali na kesi safi mbele ya Papa. Je, Anne alikuwa mwanamageuzi wa dini? Bernard anatukumbusha kwamba mashahidi wakuu wa hilo, akiwamo kasisi wake wa zamani William Latymer, waliandika wakati Elizabeth, binti yake Anne, ameshika kiti cha enzi. Nani angeandika vibaya juu ya mama wa malkia? Hoja hii haimalizi mjadala, lakini inamfanya msomaji awe makini, na hiyo ni huduma.

Guy na Fox wamekwenda mbali kutafuta nyaraka, hasa za upande wa Ufaransa na za Kaisari. Kwao ndoa ya Henry na Anne ilikuwa pia sera ya nje: Anne alisomeshwa Ufaransa, akafikiri kwa namna ya Ufaransa, na kuanguka kwake hakuwezi kuelezwa kwa mambo ya chumbani peke yake.

Nini kilitokea Mei 1536?

Nitakaa hapa zaidi, maana kitabu cha Anne kinahukumiwa hapa.

Mfululizo wa matukio wenyewe hauna ubishi mkubwa. Catherine alifariki tarehe 7 Januari 1536. Siku alipozikwa Peterborough, 29 Januari, mimba ya Anne iliharibika. Tarehe 30 Aprili mwanamuziki Mark Smeaton alikamatwa na kuhojiwa, akakiri kuzini na malkia. Ndiye mtuhumiwa pekee aliyekiri. Siku iliyofuata Henry aliondoka ghafla katikati ya michezo ya farasi na mikuki pale Greenwich. Tarehe 2 Mei Anne akapelekwa Mnarani. Alishitakiwa kwa uzinzi na wanaume watano, mmoja wao George, kaka yake wa damu, na kwa kupanga kifo cha mfalme. Tarehe 15 Mei alihukumiwa mbele ya mabwana wakubwa wa nchi chini ya uenyekiti wa mjomba wake, Mtawala wa Norfolk. Tarehe 17 wanaume hao waliuawa, na siku hiyohiyo Askofu Mkuu Cranmer akaibatilisha ndoa yake. Maana yake kisheria hakuwahi kuwa mke, lakini akauawa kwa kutokuwa mke mwaminifu. Tarehe 19 alikatwa kichwa kwa upanga na mtaalamu aliyeletwa kutoka Calais. Tarehe 30 Mei Henry alikuwa ameshamwoa Jane Seymour.

Kwa nini?

Ives anajibu: Cromwell. Malkia na waziri walikuwa wamegombana kuhusu mali za nyumba za watawa zilizokuwa zikifungwa. Anne alitaka zisaidie elimu na maskini, Cromwell alitaka ziingie hazina. Waligongana pia kuhusu urafiki na Kaisari. Anne akiwa hai na mwenye usikivu wa mfalme, Cromwell hakuwa salama. Ives anatumia maneno ya Cromwell mwenyewe, aliyomwambia Chapuys baadaye, kwamba ndiye aliyelibuni na kulipanga jambo lile. Kisha anafanya kazi ya subira inayomstahili mwanahistoria: anachukua tarehe na mahali palipotajwa katika mashitaka na kuzilinganisha na mahali walipokuwa watu hao siku hizo. Takribani robo tatu ya makosa hayo hayakuwezekana, kwa sababu Anne au mwanamume anayetajwa hakuwa hapo. Kwangu mimi kurasa hizo ndizo zenye nguvu kuliko zote zilizoandikwa juu ya kesi hii.

Bernard hakubali. Anaanza na shairi refu la Kifaransa la Lancelot de Carles, aliyekuwa katika ubalozi wa Ufaransa London, lililoandikwa wiki chache baada ya mauaji. Humo kuna bibi mmoja wa ikulu anayekaripiwa na kaka yake kwa tabia yake, naye anajitetea kwa kusema kwamba ya malkia ni makubwa zaidi. Bernard anaona huo ndio mwanzo halisi wa kesi, na anakwenda hadi kusema huenda baadhi ya tuhuma zilikuwa za kweli. Anakiri waziwazi kwamba hawezi kuthibitisha. Ni kama msemo wetu wa lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sikushawishika, kwa sababu hesabu ya Ives kuhusu tarehe bado inasimama, lakini ni vema kusoma mtu anayeuliza swali ambalo wengine wameona haya kuliuliza.

Guy na Fox wanamrudisha Henry mbele. Hakuna waziri ambaye angemfikisha malkia mbele ya upanga kama mfalme hakutaka, na uhusiano wake na Ufaransa na Kaisari ulibadilisha thamani ya Anne kwake. Msomaji aliyechoka kusikia Cromwell akibebeshwa kila kitu atapumua hapa.

Sasa riwaya. Gregory ameifuata nadharia ya Retha Warnicke, mwanahistoria aliyedai mwaka 1989 kwamba mimba ile ya Januari ilitoka ikiwa na maumbile yasiyo ya kawaida, na hofu ya uchawi ikafuata. Hakuna hati ya mwaka 1536 inayosema hivyo. Habari ya maumbile hayo inatoka tena kwa Sander. Gregory pia anaacha wazi kabisa uwezekano kwamba Anne, akitafuta mtoto kwa kila njia, alimwendea kaka yake. Kama hadithi, inatisha na inashika. Kama historia, inamrudishia Anne tuhuma ambayo hata baadhi ya watu wa wakati wake hawakuiamini, na mimi naona si haki.

Kwa Mantel, jibu ni kisasi kilichovaa joho la sheria. Wale wanne waliomkejeli Wolsey katika mchezo ule wamo kati ya wanaoshitakiwa. Cromwell wake anahitaji watu wenye hatia, na anawapata wenye hatia, ingawa si hatia iliyoandikwa kwenye mashitaka. Mahojiano yale, mtu mmoja baada ya mwingine, sauti haipandi, hakuna anayepigwa mbele yetu, ni maandishi ya kutisha kuliko mauaji yenyewe. Na mwishoni mwa kitabu Mantel anamwambia msomaji kwamba haya ni mapendekezo yake, wala hadai kuwa na neno la mwisho. Namheshimu kwa hilo.

Weir wa riwaya anamwonyesha Anne asiye na hatia, akishangaa jinsi maneno ya mzaha yanavyogeuka kuwa kamba shingoni. Na kweli mzaha ulikuwepo: mwishoni mwa Aprili Anne alimwambia Norris kwamba likimpata mfalme jambo, yeye Norris angetazamia kumpata Anne. Kutaja kifo cha mfalme namna hiyo kulikuwa kugusa uhaini. Riwaya inaikaza vizuri dakika ile ambayo Anne anatambua alichokisema.

Uzito wa usomaji

Gregory na Weir wanasomeka kwa urahisi. Sentensi zao ni nyoofu, na msomaji ambaye Kiingereza chake ni cha sekondari atasonga mbele. Mantel ni kazi. Anaandika kwa wakati uliopo, humwita Cromwell "he" bila kumtaja jina, na wahusika wengi wanaitwa Thomas. *Wolf Hall* ina zaidi ya kurasa 600. Wengi huikimbia baada ya sura mbili. Dawa ni kuisoma polepole na kurudi kwenye orodha ya wahusika iliyo mwanzoni. Zote mbili zilipata tuzo ya Booker, na ukizimaliza utajua kwa nini. Aliyeshindwa na kurasa anaweza kuanza na tamthilia ya televisheni ya BBC ya mwaka 2015, kisha arudi kitabuni akiwa anawajua watu kwa sura.

Ives ni mzito kwa namna nyingine: Kiingereza chake ni safi, lakini anadhani unajua Wolsey ni nani na Bunge lilifanyaje kazi. Guy na Fox wanasimulia zaidi, na kitabu chao, ingawa ni kinene, kinamshika mkono mgeni. Bernard ni chembamba kuliko wenzake wote hapa. Hata hivyo si cha kuanzia, kwa kuwa kitabu chote ni majibizano, na huwezi kufuata majibizano kama hukusikia hoja ya kwanza.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kusoma chochote kuhusu Tudor, ukoo wa kifalme wa Henry, na unataka tu kujua kama utaipenda habari hii, anza na Gregory au Weir. Gregory kwa anayependa mivutano ya familia. Weir kwa anayetaka kukaa upande wa Anne na kumjua tangu alipokuwa binti. Ukichukua Gregory, weka akilini kwamba mwisho wake umefuata nadharia ambayo wanahistoria wengi wameikataa.

Kama umetazama filamu ya mwaka 2008 iliyotokana na riwaya hiyo ya Gregory, yenye Natalie Portman na Scarlett Johansson, na unajiuliza kipi ni kweli, usirudi kwenye riwaya. Nenda kwa Guy na Fox.

Kama wewe ni mwandishi, au mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuona riwaya ya kihistoria inaweza kufika wapi, ni Mantel, wala usiruke *Wolf Hall* ukakimbilia *Bring Up the Bodies*. Kifo cha Anne katika kitabu cha pili hakieleweki bila kifo cha Wolsey katika cha kwanza.

Kama unaandaa insha, mada ya darasa, au somo kuhusu chimbuko la Anglikana, Ives ndiye wa kutegemea, hasa sura za dini na za kesi. Msomee Bernard baada yake, hata kama ni sura ya mashitaka peke yake, ili usibebe msimamo wa mtu mmoja. Anayetaka miezi ya mwisho tu, bila utoto wala Ufaransa, achukue *The Lady in the Tower* ya Weir.

Kwa kikundi cha usomaji ningependekeza jozi badala ya kitabu kimoja: Mantel na Ives. Wote wawili wanamweka Cromwell katikati ya kesi, lakini mmoja anakutaka umwelewe na mwingine anakutaka umhukumu, na mjadala utajiendesha wenyewe.

Na kama umekwisha kusoma viwili au vitatu kati ya hivi na bado huridhiki, acha waandishi uende kwenye karatasi zenyewe. Muhtasari wa nyaraka za utawala wa Henry wa Nane umechapwa katika majuzuu ya *Letters and Papers*, na unasomeka bure kwenye tovuti ya British History Online. Juzuu ya 10 ndiyo yenye Januari hadi Juni 1536. Anza na barua za Kingston za mwezi Mei.